Talaka, uzinzi na kuoa tena katika Biblia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hujirudia katika semina za ndoa, vikundi vya Biblia na vikao vya wazee wa kanisa, na mara nyingi muulizaji huanza na "kuna ndugu yangu mmoja…". Anayejibu ni Mprotestanti. Pale Wakatoliki au Waorthodoksi wanaposoma tofauti, nimejitahidi kueleza wanavyosema wao, si wanavyosemwa. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Kwa kifupi, Biblia inaruhusu talaka au inaikataza?

Inaanza na ndoa isiyovunjwa (Mwanzo 2:24), inaitambua talaka kama jambo lililopo tayari (Kumbukumbu la Torati 24:1–4), kisha Yesu anairudisha mizani kule mwanzo: alichounganisha Mungu, mwanadamu asikitenganishe. Ndani ya msimamo huo kuna milango miwili ambayo Wakristo wamebishana juu yake kwa karne nyingi. Mmoja ni maneno ya Mathayo, "isipokuwa kwa habari ya uasherati" (5:32, linganisha 19:9). Wa pili ni Paulo anaposema kuwa asiyeamini akiondoka, aliyebaki "hafungiki" (1 Wakorintho 7:15).

Anayekuambia jambo hili ni rahisi, kwa upande wowote, huenda amesoma mistari miwili na kuiacha mitano.

2. Talaka, kutengana na ubatili wa ndoa si kitu kimoja?

Hapana, na ugomvi mwingi hutokana na kuvichanganya. Talaka ni kuvunja ndoa iliyokuwepo. Kutengana ni kuacha kuishi pamoja huku ndoa ikibaki. Ubatili, ambao Kanisa Katoliki huutangaza baada ya kesi, ni kusema kwamba kilichoonekana kuwa ndoa kilikosa kitu cha lazima tangu siku ya kwanza (tazama swali la 12). Mfalme Henry VIII wa Uingereza, ambaye kila mtu humtaja kama baba wa talaka, kwa mkewe wa kwanza, Catherine wa Aragon, alichokuwa akiomba ni ubatili.

3. Kama Musa aliruhusu, kwa nini Yesu akakaza?

Soma tena Kumbukumbu 24 polepole. Musa hasemi "waacheni wake zenu." Anasema: ikitokea mtu amemwacha mkewe kwa hati, mke akaolewa na mwingine, kisha huyo wa pili naye akamwacha au akafa, mume wa kwanza asimrudie. Amri yenyewe ni kutomrudia. Hati inatajwa njiani, na faida yake kwa mwanamke ilikuwa kubwa: ilimwondolea hatari ya kuitwa mzinzi akiolewa tena. Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi, inasema kiini cha hati hiyo ni maneno ya kumwambia mwanamke kwamba sasa yuko huru kwa mwanamume yeyote.

Kufikia siku za Yesu, mjadala ulikuwa juu ya sababu. Kulikuwa na shule mbili za marabi. Shule ya Shammai ilibana: ni jambo la aibu ya zinaa tu. Shule ya Hillel ilipanua hadi mke aliyeunguza chakula. Rabi Akiba, aliyekuja baadaye, alifika mbali zaidi: hata mume akiona mwingine mzuri kuliko mkewe. Ndiyo maana Mafarisayo katika Mathayo 19:3 wanauliza kama ni halali kumwacha mke "kwa kila sababu." Ni swali la ugomvi wa mtaani kwao, lililovaa joho la dini.

Lilikuwa pia mtego wa kisiasa. Marko anasema Yesu alikuwa amefika ng'ambo ya Yordani, na eneo hilo la Perea lilikuwa chini ya Herode Antipa, yule aliyemchukua Herodia, mke wa ndugu yake, na kumkata kichwa Yohana Mbatizaji kwa kulisema hilo. Jibu baya lingeweza kumfikisha Yesu alikofika Yohana.

Yesu alijibu kwamba Musa aliruhusu "kwa sababu ya ugumu wa mioyo yenu, lakini tangu mwanzo haikuwa hivi." Nadhani mtu asiyeona nani aliumia katika mfumo ule hawezi kulielewa jibu hili. Katika Uyahudi wa wakati huo aliyeandika hati ni mume, na aliyefunga virago ni mke. Kukaza huku kulimlinda mwanamke asitupwe kwa sababu ya ugali ulioungua. Ukilitumia neno hilohilo leo kumfungia mtu ndani ya nyumba inayomuua, umeligeuza lifanye kazi ya upande wa pili.

4. Mbona Marko na Luka hawana "isipokuwa"?

Hawana kabisa. Marko 10:11–12 na Luka 16:18 wanasema tu kwamba amwachaye mkewe na kuoa mwingine azini. Marko anaongeza habari ya mke kumwacha mumewe, jambo lililowezekana chini ya sheria ya Kirumi, na ambalo wasikilizaji wake huenda walilikumbuka kwa Herodia.

Wanaokataa kuoa tena kabisa wanasema Marko na Luka ndio kanuni, na Mathayo afafanuliwe kwa hao. Wanaoruhusu wanasema Mathayo ameandika wazi kilichoeleweka bila kusemwa, kwa kuwa hakuna Myahudi aliyebishia talaka kwa uzinzi. Mimi naegemea wa pili, lakini hoja ya wa kwanza ni ya zamani na nzito kuliko wahubiri wengi wa kwetu wanavyokiri.

## Uzinzi

5. "Uasherati" wa Mathayo ni upi hasa?

Hapa neno la Kigiriki linabeba hoja yote, kwa hiyo halikwepeki. Mathayo ametumia *porneia*, neno pana la dhambi za zinaa, badala ya *moicheia*, ambalo ni uzinzi wa mtu aliye katika ndoa. Kuna usomaji wa namna tatu unaosikika zaidi.

Waprotestanti wengi huchukua kuwa ni zinaa yoyote nzito nje ya ndoa, uzinzi ukiwemo. Wasomi wengi Wakatoliki husema ni ndoa haramu tangu mwanzo, kama ya ndugu wa damu waliokatazwa katika Walawi 18, hivyo kuiacha si kuvunja ndoa. Wengine huona ni zinaa wakati wa uchumba, na ushahidi wao ni Yusufu: Mathayo huyohuyo, katika 1:19, anamwita mwenye haki alipoazimu kumwacha Mariamu kwa siri, na walikuwa wamechumbiana tu.

Usomaji wa uchumba unavutia, ila unadai neno pana libanwe sana bila Mathayo kutoa ishara hiyo.

6. Mwenzangu amezini. Ni lazima nimwache?

Si lazima. Hata anayeusoma mlango wa Mathayo kwa upana anasoma ruhusa, na ruhusa si amri. Nabii Hosea aliambiwa akampende mke mzinzi.

Lakini usikubali mtu akugeuzie hilo. Kusamehe ni jambo moja, na kurudi kulala kitanda kimoja na mtu ambaye bado anahudumia nyumba ndogo ni jambo jingine. Toba huonekana: mchepuko umekatwa, simu haifichwi, vipimo vya VVU vimefanywa na majibu yametolewa. Mzee wa kanisa anayemwambia mke "samehe tu, mama, wanaume ndivyo walivyo" hajanukuu Biblia. Amenukuu baraza la kahawa.

7. Mume wangu anaangalia picha za ngono. Mathayo 5:28 si inasema huo ni uzinzi tayari?

Inasema ni uzinzi moyoni, na Yesu anaichukulia kuwa dhambi nzito. Lakini aya nne tu baadaye, katika 5:32, anapotaja talaka anatumia neno la tendo. Kama kila tamaa ingekuwa sababu ya talaka, hakuna ndoa ambayo ingebaki salama, na mafundisho yaliyokusudiwa kubana yangekuwa mapana kuliko ya Hillel. Makanisa mengi hulishughulikia kama dhambi ya kutubiwa na kusaidiwa. Likifika kwenye kulipia ngono kwa njia ya video au kumlazimisha mke aige, hapo si suala la macho tena. Soma maswali ya 6 na 10.

8. Yesu hakumhukumu mwanamke aliyefumaniwa. Basi uzinzi umefutwa?

Alimwambia "wala usitende dhambi tena," kwa hiyo aliuita dhambi. Alichokikataa ni umati uliomleta mwanamke peke yake, wakati Walawi 20:10 inawataja wote wawili. Mwanamume wa fumanizi lile hajulikani alipitia dirisha gani. (Masimulizi haya, Yohana 7:53–8:11, hayamo katika nakala kadhaa za kale kabisa za Injili hiyo, lakini makanisa yameendelea kuyasoma.)

## Kuachwa, kutelekezwa na kupigwa

9. Paulo anaposema "hafungiki," anamaanisha nini?

Korintho kulikuwa na watu waliookoka wakiwa wameshaoa, na wenzao wakabaki katika dini za zamani. Paulo anawaambia wasiwe wa kwanza kuondoka. Asiyeamini akikubali kukaa, akae; akiondoka, aende. Anasema waziwazi kuwa hili ni neno lake, "wala si Bwana," kwa sababu Yesu hakuwahi kuulizwa juu ya ndoa za mchanganyiko wa namna hiyo.

Wakatoliki wamejenga hapa kile kinachoitwa haki ya Kipaulo: watu wawili wasiobatizwa wakioana, mmoja akabatizwa na mwingine akaondoka, aliyebatizwa anaweza kufunga ndoa mpya, na ile ya kwanza huvunjika wakati huo (kanuni ya 1143 ya sheria ya Kanisa ya 1983). Warekebishaji wa karne ya 16, akina Luther na Calvin, walikwenda mbali zaidi na kuona kutelekezwa kuwa sababu ya pili baada ya uzinzi. Ungamo la Westminster la 1646, tamko la imani la Wapresbiteri, katika sura ya 24 linataja zote mbili.

Je, mume anayejiita Mkristo lakini ametoroka miaka sita, hatumi hata ada ya shule? Paulo hamtaji. Wachungaji wengi hutumia 1 Timotheo 5:8, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani na ni mbaya kuliko asiyeamini, na kumhesabu kuwa ameondoka. Wengine hupitia Mathayo 18:15–17: akiitwa na kanisa na kukataa kusikia, awe kama mtu wa mataifa. Naiona njia hii kuwa safi zaidi, kwa sababu hukumu haibaki mikononi mwa mwenzi mmoja aliyeumia.

10. Ananipiga. Biblia haitaji kipigo kama sababu ya talaka, basi nivumilie?

Ondoka kwanza. Usalama wako na wa watoto hausubiri mjadala wa Kigiriki. Hakuna kanisa kubwa la Kikristo linalofundisha kuwa mtu lazima abaki chini ya paa moja na anayehatarisha maisha yake. Kanisa Katoliki, ambalo ndilo kali zaidi juu ya talaka, katika kanuni ya 1153 linampa mwenzi aliye hatarini haki ya kutengana, hata kwa uamuzi wake mwenyewe kama kuchelewa ni hatari. Paulo pia anajua kuwa wakati mwingine mke huondoka: "lakini ikiwa ameachana naye," anaendelea katika 1 Wakorintho 7:11, akae bila kuolewa au apatane.

Kama kipigo kinaruhusu talaka, na si kutengana tu, hapo ndipo wasomi wanapogawanyika. Wanaokubali hutumia Kutoka 21:10–11, ambapo hata mke aliyeingia kama mtumwa huenda huru akinyimwa chakula, mavazi na haki ya unyumba. Ikiwa kunyimwa chakula kulimfungua mtumwa, wanauliza, kuvunjwa mbavu kunamfungaje mke? Sijaona jibu zuri la swali hilo. Wapo pia wanaosema mpigaji ndiye aliyeiacha ndoa hata kama hajatoka nyumbani.

Malaki 2:16, mstari unaonukuliwa ili kumnyamazisha mke ("nakuchukia kuachana"), unaendelea palepale kumlaumu mtu anayefunika nguo yake kwa udhalimu. Usomwe wote.

## Kuoa na kuolewa tena

11. Nimeachwa bila kosa langu. Naweza kuolewa tena mwenzangu akiwa hai?

Makanisa yanajibu tofauti, na inafaa kujua kwa nini kabla ya kuhama dhehebu.

Jibu la kwanza ni hapana, kifungo hudumu hadi kifo (Warumi 7:2–3; 1 Wakorintho 7:39). Hili si geni. Hermas, mwandishi wa Roma wa karne ya 2, anasema mume amwache mke anayeshikilia uzinzi, ila asioe, ili mke akitubu apate pa kurudi. Augustino aliitetea njia hiyo, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukaithibitisha mwaka 1563. Baadhi ya makanisa ya kilokole ya kwetu yana msimamo huohuo, ingawa hayapendi kuambiwa yanafanana na Roma.

Jibu la pili ni ndiyo, kwa asiye na hatia. Msomi Erasmus alilifungua upya katika maelezo yake ya Agano Jipya mwaka 1519, kisha Luther na Calvin wakalishika. Hoja yake nzito ni ile hati ya swali la 3: Myahudi aliposikia talaka halali, alisikia pia uhuru wa kuolewa. Wasabato nao humruhusu asiye na hatia kuoa tena mwenzake akizini, na Kanisa la Uingereza lilikubali mwaka 2002 kwamba katika mazingira fulani ndoa ya pili inaweza kufungwa kanisani.

Jibu la tatu ni la Waorthodoksi, ambao wapo Kenya, Uganda na Tanzania chini ya Patriarki wa Aleksandria. Kwao ndoa ni moja, lakini Kanisa linaweza kuhurumia udhaifu na kuruhusu ya pili, hata ya tatu, kwa ibada yenye sala za toba. Ya nne, hapana.

Mimi nashika la pili, huku nikikumbuka kwamba wanafunzi waliposikia maneno ya Yesu walishtuka: kama ni hivyo, heri kutooa (Mathayo 19:10). Usomaji usiomshtua mtu yeyote huenda umekosea mahali.

12. Ubatili wa Kikatoliki ni talaka ya mlango wa nyuma?

Kimafundisho, hapana. Mahakama ya Kanisa huchunguza siku ya kiapo: je, kulikuwa na kulazimishwa, udanganyifu mkubwa, nia ya kukataa watoto au uaminifu, kutoweza kubeba majukumu ya ndoa kwa sababu za kisaikolojia, au kizuizi kama ndoa nyingine iliyokuwepo? Yupo ofisa maalumu, mtetezi wa kifungo, ambaye kazi yake ni kuitetea ndoa. Ukianza uzinzi mwaka wa saba, hilo peke yake halibatilishi kiapo cha mwaka wa kwanza.

Papa Fransisko alirahisisha utaratibu mwaka 2015: hukumu moja yatosha badala ya mbili zinazolingana, na askofu mwenyewe anaweza kuamua kesi iliyo wazi. Anza kwa paroko wako. Watoto hawawi haramu kwa ndoa kutangazwa batili; kanuni ya 1137 inawalinda.

13. Nilishaoa tena. Nimwache wa pili nirudi kwa wa kwanza?

Wapo wanaofundisha hivyo, wakisema kitenzi "azini" kinaonyesha dhambi inayoendelea kila siku. Nimeona mafundisho hayo yakivunja nyumba ya pili bila kuijenga ya kwanza. Kumbukumbu 24:4 inakataza hasa kurudi huko, na Yesu, akizungumza na mwanamke Msamaria katika Yohana 4, anahesabu waume watano na kumtofautisha wa sita, "si mume wako." Hao watano aliwaita waume. Waprotestanti wengi hushauri: tubu lililo la kutubiwa, timiza wajibu kwa watoto wa kwanza, kaa katika ndoa uliyo nayo.

14. Na Komunyo?

Kwa Wakatoliki, Yohane Paulo II aliandika mwaka 1981 kuwa waliooa tena bila ubatili wanaweza kupokea iwapo wanaishi kama kaka na dada. Waraka wa Fransisko wa 2016 ulisisitiza kuwasindikiza na kupambanua hali ya kila mmoja, na maaskofu wa nchi mbalimbali hawakuuelewa kwa namna moja. Kwa Waprotestanti, kuzuiwa Meza ya Bwana na kurudishwa kundini hufuata katiba ya kanisa lako, uliza, usikisie.

## Kanisa na serikali

15. Nimepata talaka mahakamani. Kanisa linalazimika kuitambua?

Halilazimiki. Nchini Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 hutaka shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, isipokuwa katika hali chache, na mahakama hutoa talaka ikiridhika kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Uzinzi na ukatili ni miongoni mwa ushahidi. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitaja sababu za kuvunja ndoa ya Kikristo, zikiwemo uzinzi, ukatili na kutelekezwa kwa miaka mitatu au zaidi. Kanisa hutazama sababu zake yenyewe.

Kinyume chake pia ni kweli: uamuzi wa kanisa peke yake haukupi talaka kisheria wala haugawi nyumba na shamba. Ukifunga ndoa nyingine ukitegemea barua ya mchungaji tu, unaweza kujikuta na kesi.

## Hali za pembeni

16. Mwenye wake watatu ameokoka. Awaache wawili?

Swali hili limeisumbua Afrika kuliko Ulaya. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa Lambeth mwaka 1888 ulikataa kumbatiza mwenye wake wengi. Askofu Colenso wa Natal, Afrika Kusini, alikuwa ameshapinga jambo hilo tangu miaka ya 1850, akisema kumlazimisha kuwaacha ni kufanya talaka ambayo Yesu aliikataza. Lambeth ya 1988 ikaja karibu naye: abatizwe pamoja na wake na watoto waamini, aahidi kutoongeza mke, asilazimishwe kumfukuza yeyote kwa sababu ya hali ngumu ambayo mwanamke angeingia, mradi kanisa la mahali limekubali. Makanisa mengine bado humtaka abaki na mmoja. Ukimfukuza mke wa pili asiye na kosa, na jembe na watoto wake, sioni namna ya kuliita hilo tunda la wokovu.

17. Tuliishi sogea tukae, tukaachana. Hiyo ni talaka?

Kikanisa kwa kawaida hapana, kwa kuwa hakukuwa na kiapo. Lakini kama mahari ilitolewa na ukoo uliwatambua, wachungaji wengi huhesabu kuwa ndoa ya kimila ilikuwepo. Mweleze mchungaji ukweli wote kabla ya tangazo la ndoa mpya, kwani atakayesimama kupinga anaujua.

18. Ezra aliwaagiza watu kuwaacha wake wa kigeni. Naweza kumwacha mke Mwislamu?

Ezra 10 ni tukio la jumuiya moja iliyotoka uhamishoni. Paulo, akiulizwa jambo linalofanana kabisa, alijibu kinyume: akikubali kukaa nawe, usimwache. Tazama swali la 9.

19. Mchungaji aliyeachwa na mkewe anaweza kuendelea na huduma?

"Mume wa mke mmoja" katika 1 Timotheo 3:2 husomwa na wengine kuwa asiwe amewahi kuoa mara ya pili, na wengine kuwa ni mwaminifu kwa mke aliye naye. Makanisa mengi humsimamisha kwa muda wakati wa uchunguzi, hata kama kosa si lake, ili ukweli ujulikane. Akionekana hana hatia, wengine humrudisha, wengine humhamishia huduma isiyo ya kuongoza usharika. Ila mchungaji aliyezini na mshirika aliyemjia kwa ushauri wa ndoa ana swali jingine kabisa, na jibu lake halimo katika sura za talaka.